Kanga wa Karatasi na Meno ya Mamba

Paukwa.

Pakawa.

Hamjaitikia wote. Na ninyi wakubwa mliokaa huko nyuma na vikombe vya chai, hadithi hii ni yenu pia. Paukwa.

Pakawa.

Sasa sawa. Hapo zamani za kale sana, shule zilipokuwa hazina ubao wala kengele, palikuwa na mto. Mto ulikuwa na kivuko kimoja tu, mahali maji yalipopungua mtu akaweza kupita kwa miguu. Chini kidogo ya kivuko palikuwa na fungu la mchanga lililoshikana na ukingo. Na katikati, baina ya kivuko na lile fungu la mchanga, alilala Mamba.

Upande wa huku wa mto ukame ulikuwa umepiga. Majani yamekauka. Mchwa wameshuka chini kabisa ya vichuguu vyao, huwezi kuwafikia hata ukichimba na jembe. Lakini upande wa pili mvua ilikuwa imenyesha. Kulikuwa kijani kibichi, unakiona hivi kwa macho yako, na tumbo linanguruma, ngrrr, ngrrr.

Upande wa huku waliishi majirani wawili. Wa kwanza alikuwa Kanga. Alikuwa na watoto sita. Mkubwa wao aliitwa Kidoti, na kwa hiyo majirani walimwita mama yake Mama Kidoti. Wa pili alikuwa Ngiri, mwenye watoto wawili, Chubwi na dada yake Mashavu. Huyo aliitwa Mama Chubwi.

Nimesema Mama Kidoti alikuwa na watoto sita. Siku moja walishuka ukingoni kunywa maji. Mmoja, jina lake Tembe, alisogea mbele kidogo. Maji yakafanya tubwi. Mama Kidoti akarudi nyumbani na watoto watano.

Hakulia mbele ya watoto. Alikaa chini, akawakusanya, akawahesabu, akawahesabu tena.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kusikia habari za mto. Lakini njaa haiulizi unataka nini. Siku zikapita, watoto wakakonda, shingo zikawa kama nyuzi. Mama Chubwi akaja kwa jirani yake.

"Mama Kidoti, tutakufa hapa."

"Tutakufa na kule pia, jirani. Tena kule ni haraka."

"Basi tukamwone Mwalimu."

Mwalimu alikuwa Nyigu. Aliishi juu ya mgunga, katika nyumba ya karatasi. Msicheke. Nyigu hutafuna mti, nyaf, nyaf, nyaf, akauchanganya na mate, akautandaza, ukikauka ni karatasi. Nyumba yake yote ilikuwa karatasi tupu, vyumba juu ya vyumba. Watoto wake walikwisha kukua wakaruka zao, amebaki peke yake, akawa anafundisha watoto wa wenzake kivulini. Darasani kwa Nyigu hakuna aliyesinzia, na sababu yake mnaijua.

Mama Chubwi akaeleza shida. Nyigu akasikiliza, akamgeukia Mama Kidoti.

"Pole sana, mwenzangu. Naomba uniambie jambo moja, najua ni zito. Siku ile ya Tembe, palikuwa na nani mwingine mtoni?"

Mama Kidoti akafikiri. "Swala. Swala wawili walikuwa kwenye fungu la mchanga, wanakunywa. Wanono kweli."

"Na Mamba aliwaona?"

"Aliwaona. Aliwatazama, akatutazama sisi. Kisha akaja kwetu."

"Aliacha swala wawili wanono, akafuata vifaranga vyembamba."

"Ndiyo."

"Basi Mamba haangalii nyama," akasema Nyigu. "Anaangalia wingi. Wale wawili, ninyi saba. Anafungua mdomo kule waliko wengi."

Mama Chubwi akasema, "Sasa wengi tutawatoa wapi? Tumebaki sisi tu."

Nyigu akaruka, viii, akaenda nyumbani kwake. Wakasikia kitu kikichanika, chwarrr. Karatasi ikaanguka chini. Alikuwa amebomoa nusu ya nyumba yake.

"Tutawatengeneza," akasema.

Watoto, waliokuja na mama zao, wakachangamka kama wamemwagiwa maji. Nyigu akawaonyesha. Kunja karatasi katikati ili isimame. Bana hapa, huo ni mdomo. Vuta hapa, huo ni mkia. Kidoti akachovya ukucha kwenye mkaa uliolowa, akawatia madoa kanga wake, do, do, do, do. Mashavu akatengeneza ngiri mwenye pembe za majani makavu. Chubwi akatengeneza mmoja ambaye hakujulikana ni nani, akasema ni ngiri anayekimbia.

Walipomaliza walikuwa na wanyama wa karatasi sita.

Chubwi akawapanga mstari. Akampanga huyu hapa, huyu mbali kule, huyu mbali zaidi. Mstari ukaanzia kwenye shina la mgunga ukafika kwenye kichuguu. Kisha wao wenyewe, mama wawili na watoto saba, wakajipanga kando ya mstari ule, wamebanana bega kwa bega. Mstari wao ulikuwa mfupi.

"Wa karatasi ni wengi," akasema Chubwi. "Mstari wao mrefu."

"Mrefu kweli," akasema Kidoti.

Mama Chubwi akatazama. "Mimi naona wanatosha. Twendeni."

"Bado," akasema Nyigu. "Hamjalinganisha."

"Mwalimu, nina macho. Na watoto wana njaa. Huu mstari na huu, mrefu ni upi?"

Nyigu akataka kusema neno. Mama Chubwi alikwisha kutangulia.

Jua lilipokuwa kali na Mamba amesinzia, watoto wakanyata, wakawapanga wale sita kwenye fungu la mchanga, kwa nafasi kubwa. Kisha wakarudi kivukoni. Vifaranga na mama yao wakapanda mgongoni mwa Mama Chubwi, kwa sababu vifaranga walikuwa bado hawajui kuruka. Chubwi na Mashavu wakafuata nyuma. Wakaingia majini, chwa, chwa, chwa.

Mamba akafumbua jicho. Akatazama kivukoni. Akatazama kwenye fungu.

"Habari za mchana, majirani," akasema. "Leo mmekuja wote."

Halafu ikasikika sauti ndogo. Ka. Ka. Ka. Ka. Nyigu, aliyekuwa akiruka juu ya kichwa chake, aliisikia vizuri.

Mamba akageuza kichwa. Akakigeuza upande wa kivuko. Mdomo ukafunguka, aaah.

"Rudini," akasema Mama Chubwi, na hakusema mara mbili. Akageuka na abiria wake wote mgongoni, akakimbia. Mashavu akatoka. Chubwi akawa wa mwisho. Kap. Chubwi akapiga kelele, akajikuta ukingoni, na mkia wake umebaki mtoni.

Mkia wa ngiri, wenzangu, ni fahari yake. Akikimbia huusimamisha juu kama bendera. Chubwi akakimbia bila bendera mpaka mgungani.

Jioni ile hakuna aliyemlaumu mwenzake kwa maneno. Mama Chubwi alikuwa akimpaka mwanawe udongo wa baridi kwenye jeraha. Akasema bila kuinua macho, "Mwalimu, nilikuwa na haraka."

"Mwenye watoto wenye njaa huwa na haraka," akasema Nyigu. "Kesho tutaanza tena. Na sasa najua Mamba anahesabuje."

Asubuhi akawaketisha.

"Nilikuwa juu yake. Nimemsikia. Mamba hatazami mstari mrefu wala mfupi. Anatumia meno. Meno ya juu anawapa walio kivukoni. Huyu jino hili, ka, huyu jino hili, ka. Meno ya chini anawapa walio kwenye fungu. Huyu jino hili, ka, huyu jino hili, ka. Kisha anayakutanisha, la juu na la chini. Upande ambao meno yake yamebaki bila mwenzake ndiko anakogeukia."

"Kumbe ana akili," akasema Mashavu.

"Ana meno. Na sisi tuna karatasi. Kidoti, lete wale sita."

Watoto walikuwa wamewaokota alfajiri, Mamba alipokuwa mbali. Kidoti akawaleta.

"Sasa kila mtu akae na mmoja. Mtu mmoja, karatasi moja. Msigombane."

Wakakaa. Kidoti na wa kwake. Mdogo wake na wa kwake. Mwingine na wa kwake. Mama Kidoti akapata. Mama Chubwi akapata. Mashavu akapata. Karatasi zikaisha. Chubwi akabaki amesimama, na vifaranga wawili wadogo wamesimama.

"Nani hana wake?"

"Sisi," wakasema wale watatu.

"Basi wengi ni watu au karatasi?"

Chubwi akajitazama. Akatazama mahali mkia ulipokuwa. "Watu," akasema polepole. "Watu ni wengi. Na ule mstari ulikuwa mrefu."

"Ulikuwa mrefu kwa sababu uliacha nafasi. Nafasi hailiwi."

Nyigu akachukua kipande cha karatasi cha pembeni, kidogo mno, kisichotosha kutengeneza hata kifaranga. Akakikunja mara moja. Watoto wakakata meno kwa midomo yao, kwi, kwi, kwi, juu na chini. Ukawa mdomo wa mamba. Wakaweka kokoto huku na kokoto huku, wakazipanga moja kwa moja, na mdomo wa karatasi ukageuzwa kule zilikobaki. Nyigu akawafundisha na wimbo. Nanyi itikieni, si mgumu:

Huyu na huyu, huyu na huyu,
nani kabaki hana wake?
Alikobaki ndiko kwingi,
mdomo wazi, geuka huko.

Wakacheza mpaka wakasahau njaa. Mara moja kokoto zikaisha pande zote mbili kwa pamoja. Mashavu akaushika mdomo wa karatasi, asijue augeuzie wapi.

"Mwalimu, hakuna aliyebaki."

"Basi zimelingana. Ufunge mdomo."

"Na Mamba, wakilingana, hufanya nini?"

"Hageuki popote. Anakaa palepale alipo, na ninyi mnakaa palepale mlipo, ndani ya maji. Kwa hiyo kulingana hakututoshi. Wale watatu wasio na wao tuwape, kisha tuongeze mmoja wa kubaki."

"Wanne," akasema Kidoti.

"Wanne."

Nyigu akaruka juu. Chwarrr. Nusu ya nyumba iliyobaki ikaja chini. Pale mtini pakabaki kikonyo tu, kinaning'inia.

"Mwalimu, utalala wapi?" akauliza Mama Kidoti.

"Tuvuke kwanza."

Karatasi ilitosha wanne, haikutosha zaidi. Chubwi akachukua ya wawili, akatengeneza ngiri mmoja mkubwa, mnene, mwenye tumbo. Akamsimamisha mbele ya wenzake.

"Huyu wangu ni kama wawili."

Nyigu akamzunguka. "Mzuri. Mamba atampa meno mangapi?"

Chubwi akafungua mdomo ajibu mawili. Akaufunga. "Moja," akasema. Akamkunjua, akamkata katikati, akatengeneza wawili wembamba. Hawakuwa wazuri kama yule, na hakufurahi, lakini walikuwa wawili.

Wakakaa tena kila mtu na wake. Huyu na huyu, huyu na huyu. Watu wote wakapata. Kanga mmoja wa karatasi akabaki peke yake kwenye vumbi, madoa yake bado mabichi.

"Huyu hana mtu," akasema Mashavu.

"Ana mtu," akasema Kidoti. "Ni wa Tembe."

Mama Kidoti akainamisha kichwa. Nyigu akasema kwa upole, "Ni wa Tembe. Na ndiye atakayewafanya wa karatasi kuwa wengi."

Wakaenda mtoni. Watoto wakawapanga wale kumi kwenye fungu la mchanga, safari hii karibu karibu, hakuna aliyejali mstari. Wakarudi kivukoni, vifaranga na mama yao wakapanda mgongoni mwa Mama Chubwi, na ngiri wadogo wakashikamana na ubavu wa mama yao. Chwa, chwa, chwa. Wakafika katikati. Maji yalifika tumboni.

Hapo hapo upepo ukavuma. Vuuu. Ngiri mmoja mwembamba wa Chubwi akainuka mchangani, akapinduka, akaangukia majini, akaenda na mto.

Mamba akafumbua jicho.

"Mmerudi, majirani," akasema. "Na mmeongezeka."

Ka. Ka. Ka. Meno ya juu. Ka. Ka. Ka. Meno ya chini. Akayakutanisha taratibu. La juu likapata la chini, la juu likapata la chini, mpaka la mwisho. Hakuna lililobaki. Mdomo ukafungika, kop. Mamba akatulia katikati ya mto, jicho moja huku, jingine kule, hageuki.

Mama Chubwi akasimama. Akisonga mbele atapita puani mwake. Akirudi atampa mgongo.

"Tuongeze mmoja kule," Mashavu akanong'ona.

"Hakuna karatasi," Nyigu akajibu kutoka juu. Alikuwa amefikiria kuongeza, kuongeza, kuongeza tu.

Kidoti akatazama fungu la mchanga. Akatazama wenzake. Huyu na huyu, huyu na huyu. Tisa huku, tisa kule. Kisha akasogea karibu na mama yake.

"Mama. Nifiche."

"Nini?"

"Nifiche chini ya bawa. Tuwe pungufu sisi."

Mama Kidoti hakuuliza tena. Akafungua bawa, Kidoti akaingia, bawa likafunga. Giza, manyoya, joto. Kidoti hakuona kilichofuata. Alisikia tu.

Alisikia ka. Ka. Ka. Mamba alikuwa anahesabu upya, maana kitu kilikuwa kimebadilika na hakujua ni nini. Meno ya juu, meno ya chini. Akayakutanisha. La mwisho la chini halikupata mwenzake.

Mamba akageuka. Akageukia fungu la mchanga, mdomo wazi kabisa, akajitupa. Gubuuu. Akazoa wote tisa kwa mkupuo mmoja.

"Sasa," akasema Nyigu.

Mama Chubwi hajawahi kukimbia hivyo tangu azaliwe. Chwachwachwachwa. Ngiri wadogo ubavuni, kanga juu wanang'ang'ania kwa kucha, maji yanaruka kama mvua. Wakapanda ukingo wa pili. Wakaingia kwenye majani mabichi yaliyowafika kifuani, ndipo wakaanguka chini, wakahema.

Mama Kidoti akafungua bawa. Kidoti akatoka, manyoya yamelala upande mmoja. Mama yake akawahesabu. Akawahesabu tena. Watano. Akaketi, na safari hii akalia mbele yao, na watoto wakamkalia pande zote mpaka akanyamaza mwenyewe.

Walipokuwa wakila, na walikula sana, Mama Chubwi akaacha kutafuna ghafla.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Kama ni hivyo, si tungewaficha watoto wote chini ya mabawa tangu mwanzo? Wale sita wa kwanza wangetosha, na Mwalimu angebaki na nusu ya nyumba yake."

Wote wakamtazama Nyigu. Nyigu akafikiri. Akafikiri tena. Kisha akaanza kucheka, viii, viii, viii, mpaka akatua kwenye jani asije akaanguka.

"Tungeweza," akasema. "Lakini ni nani kati yetu aliyelijua hilo kabla ya kukaa chini kila mtu na karatasi yake? Mimi sikulijua. Na mimi ndiye mwalimu."

Kesho yake watoto wakazunguka kumtafutia miti mikavu ya kutafuna. Chubwi alileta gogo, akalisukuma kwa pua siku nzima. Nyigu akamwambia gogo hilo ni kubwa, asante sana, lakini bado ni gogo moja. Chubwi akarudi kuleta la pili.

Na Mamba je? Mamba aliuma, akatafuna, akaona nyama haina damu. Karatasi ikalowa, ikawa uji, uji ukajipenyeza katika kila jino, la juu na la chini, ukanata ukashika. Akijaribu kuhesabu, ka haitoki. Akaenda akajilaza ukingoni, akaachama kinywa ili jua liikaushe ile takataka na upepo uitoe. Ndiyo maana mpaka leo ukimwona mamba nje ya maji, amelala kaachama, na ndege wadogo wanaingia na kutoka mdomoni mwake wanachokonoa. Wanatoa karatasi. Bado hawajaimaliza.

Watoto, sikieni, na wakubwa sikieni. Kirefu si lazima kiwe kingi. Kikubwa si lazima kiwe kingi. Ukitaka kujua wapi kuna zaidi, usitegemee macho peke yake. Kaa chini, panga kimoja kwa kimoja, uone kipi kimebaki. Na ukitaka upande mmoja uzidi mwingine, unaweza kuongeza kule, au kupunguza huku. Na anayejua kulinganisha hadanganywi kirahisi, hata kama ni mdogo wa kuenea chini ya bawa.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Aliyesikia amsimulie ambaye hakuwepo.